Ndugu Yako Ana Neno Juu Yako

Barua ya wazi kwa vijana wa usharika wetu wanaotumiana neno la asubuhi

Wanangu na wajukuu zangu,

Bwana asifiwe. Mjukuu wangu aliniingiza kwenye grupu lenu mwaka juzi, nikawa msomaji asiyeandika. Kila alfajiri simu inalia, neno limeingia, na kabla sijapata miwani yangu "Amina" zimeshapangana kama watu wa foleni ya maji. Nafurahi kweli. Mtu anayening'inia kwenye daladala ya Mbagala na bado akapata nafasi ya kusoma mistari minne ya Zaburi, huyo ana heshima yangu.

Ila kuna jambo. Wiki ya tatu sasa wawili kati yenu hawasalimiani. Sitawataja, wenyewe mnajijua, na nusu ya usharika inawajua. Ni habari ya mchango wa msiba. Fedha hazikufika zote, au zilifika zote na mtu kasema hazikufika. Sikuwepo, kwa hiyo siamui. Kinachoninyima usingizi ni kwamba nyote wawili mnaendelea kuweka neno kila asubuhi. Mmoja Jumatatu katuletea, "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Mwenzake kesho yake akaweka la Nehemia, kwamba furaha ya Bwana ni nguvu zenu. Watu wakaitikia wote, isipokuwa ninyi wawili, kila mmoja kwa neno la mwenzake. Nilihesabu.

Basi huo mstari wa Wafilipi, sura ya 4 mstari wa 4, nawaomba mpande juu mistari miwili tu. Paulo yuko kifungoni, anaandika barua itakayosomwa mbele ya kanisa zima, na kabla hajafika kwenye furaha anasema: "Namsihi Euodia, namsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana." Hebu fikirini akina mama hao wawili wamekaa humo ndani, mmoja huku, mmoja kule, wanasikia majina yao yakisomwa. Tena angalieni anavyosihi mara mbili, kila mmoja kwa zamu yake, asije mmoja akasema mtume yuko upande wangu. Halafu anamgeukia mtu wa tatu, anamwita "mjoli wa kweli", amwombe awasaidie. Mjoli ni Kiswahili cha zamani, mtumwa mwenza. Ndipo sasa inakuja ile Furahini mnayoipamba kwa picha za maua.

Nawaambia haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukaa miaka minne kwenye hali hiyo mliyomo.

Mwaka 1993, katika usharika mwingine, si huu, kwaya yetu ilikuwa inachanga fedha za kinanda. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Mweka hazina alikuwa mwenzangu mmoja wa Kigamboni, mwimbaji wa besi, sauti ambayo ukikaa karibu nayo unaisikia mbavuni. Siku ya kuhesabu, zikapungua shilingi 40,000. Wakati ule hiyo ilikuwa fedha ya kuvunja undugu. Sikumwita pembeni. Nilisimama mbele ya kwaya nikasema, "Fedha ya Mungu haipotei, inaibwa." Jina sikulitaja, nilimtazama tu. Aliweka daftari mezani, akatoka, na kwaya akaiacha.

Miaka minne hiyo sikuruka ibada ya asubuhi hata siku moja. Kalenda ya neno la siku ukutani, Biblia mezani, na umeme ukikatika nawasha chemli. Zaburi ya 51 niliisoma zaidi ya mara moja, nikamsikitikia sana Daudi kwa dhambi zake.

Mwaka 1997 tukahama nyumba. Mke wangu akawa anakung'uta koti langu la suti, mkono wake ukagusa kitu kigumu ndani ya bitana. Mfuko ulikuwa umetoboka. Bahasha ya kaki, noti zote ndani, elfu arobaini. Hakusema neno. Aliiweka juu ya Biblia yangu, akaenda jikoni.

Siku tatu nilitafuta namna ya kutubu bila kumwona mtu. Nilipiga magoti, nikalia machozi ya kweli, nikadhani yamekwisha. Nilifikiria hata kuzitumbukiza zile fedha kwenye kapu la sadaka kimyakimya, Mungu apate chake na mimi nipate amani yangu. Kilichonizuia ni Mathayo 5: "Basi ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako." Ana neno! Mimi nilikuwa na neno langu la asubuhi, yeye miaka minne alikuwa na lake juu yangu, na mimi nilikuwa nasoma la kwangu tu. Tena Yesu hasemi "ukikumbuka kuwa una neno juu ya ndugu yako." Hayo tunayakumbuka bila kukumbushwa.

Na wale waliomsikiliza siku ile walikuwa watu wa Galilaya. Madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mbali kuliko kutoka hapa Dar hadi Chalinze. Umefika na mnyama wako, umesimama kwenye foleni, ndipo unakumbuka. Uache sadaka hapo, urudi Galilaya ukapatane, kisha upande tena. Mimi nilikuwa navuka maji ya Magogoni tu hadi Kigamboni na bado nikaona mbali.

Jumamosi nikapanda pantoni. Daraja lilikuwa bado, limekuja 2016. Dakika chache zile za maji zilinitosha kutunga hotuba tatu, na zote tatu zilianza na "unajua hali ilivyokuwa". Nikamkuta anaezeka banda la kuku. Nikampa bahasha, nikasema niliyosema. Alinisikiliza bila kushuka kwenye ngazi. Kisha akaniambia, "Uliniita mwizi mbele ya watu ishirini na sita. Leo umekuja peke yako." Akaendelea kugongomea bati.

Niliondoka nimekasirika, nisiwafiche. Nilijiona nimenyenyekea vya kutosha. Nilipofika katikati ya maji ndipo nikaelewa kwamba alikuwa ananidai salio. Vijana mnajua mtu akikuomba umtumie fedha kwenye simu anavyosema: tuma na ya kutolea. Ukituma kamili bila ya kutolea, akifika kwa wakala anapata pungufu. Sheria ya Musa ililijua hilo: Walawi 6 inamwagiza aliyedhulumu arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo alizidisha, akarudisha mara nne, kiwango cha mwizi wa kondoo katika Kutoka 22, na alilitamka hilo amesimama, watu wakiwa bado wananung'unika. Toba yangu ilikuwa imetumwa bila ya kutolea. Aibu nilimpa hadharani, radhi nikamwombea uani kwake.

Ilinichukua wiki mbili kuwakusanya wale watu. Wengine walishahama, mmoja nilimfuata Gongo la Mboto. Nikasimama, koo limekauka, nikaeleza habari ya koti. Yeye alikuja, akakaa karibu na mlango. Nilipomaliza akaja mbele, akanipa mkono, akasema, "Nimesamehe." Kwaya hakurudi. Msamaha niliupata, besi yake hatukuipata tena. Usiku ule nililala usingizi ambao mke wangu alinitikisa kuhakikisha kama bado napumua, na asubuhi nilipofungua ile Zaburi ya 51 nikaona kitu nilichokiruka siku zote: "Unirudishie furaha ya wokovu wako." Daudi anaomba irudishwe. Kumbe ilikuwa imeondoka.

Mimi ni mtoto wa Rungwe, nyumbani kwetu Wamoraviani walifika mwaka 1891, kwa hiyo mniruhusu habari moja ya kwetu. Desturi hii ya kupeana neno la siku ina asili. Katika kijiji cha Herrnhut, Ujerumani, palikuwa na wakimbizi wa imani, chanzo cha Wamoraviani hao, waliopokelewa kwenye ardhi ya bwana mmoja aitwaye Zinzendorf. Walikuwa wacha Mungu, na walikuwa wanagombana vibaya, huyu akimwona yule mpotofu. Wakaonywa, wakawekeana sahihi ya agano, wakatembeleana nyumba kwa nyumba, na tarehe 13 Agosti 1727, kwenye Meza ya Bwana, wakapatana. Neno la siku la kwanza walipewa tarehe 3 Mei mwaka uliofuata, 1728, na baadaye ndugu walilipeleka asubuhi kwa miguu mlango hadi mlango. Kitabu cha maneno hayo ya siku kilianza kuchapwa 1731. Kwa hiyo walipatana kwanza, neno la siku likaja baadaye. Na aliyelileta ilibidi abishe hodi, amtazame mwenye nyumba usoni. Simu zimetuondolea hilo la hodi, nadhani ni hasara.

Niongeze moja kwa upande wa aliyekosewa, maana najua mambo ya makanisani. Msimwendee mtu na "saba mara sabini" kama fimbo. Mathayo 18 hiyohiyo, kabla ya hesabu ile ya msamaha, mstari wa 15, inampa aliyekosewa haki ya kwenda kusema: umenikosa, na umenikosa hapa. Dada anayepigwa nyumbani akiambiwa na wazee "samehe tu, yaishe", huko ni kumfunga mdomo, na nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo nikanyamaza. Hilo nalo ni deni langu.

Sasa ninyi wawili. Sisemi nani alikosa. Hata hivyo mmoja wenu alisema jambo mbele ya watu wengi, na mwingine anajua lile daftari la michango limekaa wapi. Jumapili ijayo tuna Ushirika. Kuanzia leo naomba mpumzike kutuwekea neno, wengine watawashikia zamu, hata mimi nikifundishwa namna ya kubandika.

Jumamosi sina safari. Anayeona njia ni ndefu aje anichukue nyumbani mapema, kabla jua halijawa kali, twende wote kwa mwenzake. Nitabisha hodi mimi, kisha nitakaa nje. Nauli ninayo.

Ni mimi mjoli wenu,
Mzee wa benchi la tatu, Mbagala