Wageni wa kuchagua

Swahiba wangu,

Salamu sana, wewe na wote ulio nao. Barua yako nimeipata, na ile mistari ya mwisho imenikera kidogo, ndiyo maana najibu upesi. Unasema nchi ina haki ya kuchagua wageni wake, na maadamu sheria imeweka idadi tu bila kumtaja mtu, hakuna aliyebaguliwa.

La kwanza nakubali. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 haulazimishi serikali yoyote kuwafuata watu kambini na kuwapandisha ndege. Unakataza kumrudisha mtu kwenye hatari, na ibara yake ya 3 inataka wakimbizi watendewe bila ubaguzi wa rangi, dini au nchi wanakotoka. La pili ndilo linalonishinda. Nitachukua mfano wa Marekani, maana wao huandika kila kitu.

Mwaka 1924 Bunge lao lilipitisha sheria ya viwango. Kila taifa liligawiwa nafasi kwa asilimia 2 ya wazaliwa wake waliohesabiwa Marekani kwenye sensa. Sensa ipi? Ya 1890! Walikuwa nayo ya 1920, mpya kabisa, wakaiacha makusudi, kwa sababu mwaka 1890 Waitaliano na Wayahudi wa Ulaya Mashariki walikuwa bado hawajafika kwa wingi. Waasia walifungiwa mlango waziwazi, lakini hawa wengine sheria haikuwatukana wala kuwataja. Hesabu ilimaliza kazi. Kisha mwaka 1939 ikaja meli St. Louis na abiria zaidi ya 900, karibu wote Wayahudi waliokimbia Ujerumani. Cuba ikawakatalia, na Marekani ikawajibu kwamba wasubiri zamu yao kwenye orodha. Wakarudi Ulaya, na 254 kati yao wakafa katika mauaji ya Wanazi. Orodha ilikuwa halali kabisa, swahiba.

Viwango vile vilifutwa mwaka 1965, na sheria mpya ikasema mtu asibaguliwe katika kupewa viza ya uhamiaji kwa rangi, jinsia, uraia, alikozaliwa au anakoishi. Maneno mazuri. Ila mkimbizi haingii kwa viza hiyo. Yeye yuko chini ya sheria ya 1980, ambayo inamwachia rais apange kikomo cha kila mwaka baada ya kushauriana na Bunge, na pia aseme nafasi ziende kwa nani.

Sasa mtazame mwombaji mmoja kwa karibu. Ana usaili, alama za vidole, ukaguzi wa usalama na vipimo vya afya, na kila kimoja kina tarehe yake ya kwisha. Vipimo vya afya kwa kawaida ni miezi sita tu. Mwaka 2017 programu ya kupokea wakimbizi iliposimamishwa, na Wasyria wakazuiwa bila kutajiwa mwisho, si lazima faili la mtu likataliwe. Liliachwa tu mezani. Vipimo vikaisha, vikarudiwa, na kufikia hapo ukaguzi nao ulikuwa umepitwa na muda. Mtoto akizaliwa katikati, naye aongezwe na akaguliwe. Hakuna aliyeandika "hapana" popote, kwa hiyo huyo mtu hana hata uamuzi wa kuomba utazamwe upya.

Januari 2025 programu ilisimamishwa tena, na waliokwisha kukatiwa tiketi wakabaki walipo. Mwezi Mei mwaka huohuo, Waafrikana wa Afrika Kusini, hao tuliozoea kuwaita Makaburu, walipokelewa karibu na Washington kama wakimbizi. Kikomo cha mwaka wa fedha 2026 kikawekwa 7,500, sehemu kubwa kwa ajili yao. Mwaka mmoja nyuma kilikuwa 125,000. Sisemi Kaburu asisikilizwe. Mwenye hofu ya kweli na asikilizwe, awe nani. Ninachouliza ni foleni: aliyekwisha kupita usaili na kila ukaguzi amepitwa kwa kipimo gani?

Utaniambia wapiga kura wao ndio waliotaka hivyo. Sawa, huenda. Lakini hata ile sensa ya 1890 ilipigiwa kura, tena ikapita kwa wingi mkubwa. Nijibu hapo, na usinizungushe.

Wako,
rafikiyo yuleyule mbishi