Mhariri, huyu mchoraji hana lingine zaidi ya bei?

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka nenda rudi na sijawahi kuandika hata mstari, ila habari yenu ya Kim Whanki, yule mchoraji wa Korea, imenishinda. Kichwa dola milioni 13, aya ya kwanza milioni 13, mwisho milioni 13 tena. Sawa, tumesikia, mchoro wake mmoja uliuzwa bei hiyo Hong Kong 2019. Mwenyewe kafariki New York tangu 1974, hakuonja hata senti.

Kwamba alikuwa mwalimu hamjasema popote! Mtu katoka kisiwa cha Anjwa huko kusini mwa Korea, kafundisha Seoul National University, kafundisha chuo kikuu cha Hongik, 1956 kaenda Paris, 1959 karudi Hongik kushika chaki tena mpaka akawa mkuu wa kitivo, halafu 1963 ana miaka 50, katoka maonyesho ya São Paulo, Brazil, kaacha cheo na mshahara kaenda New York kuanza upya. Hiyo ndo habari jamani.

Sasa mimi naishi Seoul. Juzi kaja mgeni kutoka nyumbani nikampeleka makumbusho ya Whanki pale mtaa wa Buam-dong, ambayo mkewe Kim Hyang-an ndo aliisimamia mpaka ikafunguliwa 1992. Mgeni kafungua habari yenu kwenye simu, kila mchoro anaofika ananiuliza kwa sauti "na huu shilingi ngapi?", watu wanageuka, mi namwonyesha zile nukta ndogondogo zilizojaa kwenye mchoro, namwambia kila moja mchoraji kaiweka kwa mkono akaizungushia kisanduku chake, rangi kaizimua kwa tapentaini mpaka inanywewa na kitambaa kama wino, mgeni anacheka, eti hata mwanangu wa chekechea anaweza hiyo, akaenda zake kukaa kwenye benchi kuchati. Aibu nilibaki nayo mimi.

Na ile picha? Huo mchoro uliouzwa, wa bluu, vipande viwili vimeunganishwa, sentimita 254 kwa 254, mmeuchapa mweusi na mweupe saizi ya stempu! Pembeni mikeka ya kubeti mpira nusu ukurasa, tena ya rangi. Ukurasa wa utamaduni siku hizi kukiwa na mechi sanaa inakatwa, kusipokuwa na mechi mnaweka ratiba ya mechi.

Basi mwandishi wenu akitaka kugusa mchoraji tena, mpeni karatasi moja na brashi nyembamba, ajaze nukta za bluu nusu ukurasa, kila nukta na kisanduku chake. Akimaliza ndo mumruhusu kutaja bei.

Msomaji wenu, Seoul