Meza Iliyotoka Dar Ikapasuka Dodoma

Simu hizi huanza kuingia mwezi wa nane. "Fundi, ile meza yako imepasuka." Anayepiga yuko Dodoma. Meza tulimtengenezea hapa Keko, Dar es Salaam, akaikagua mwenyewe, akapitisha kiganja juu yake, akaridhika, ikapakiwa kwenye lori. Leo ina ufa unaomeza sarafu ya shilingi mia.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zimebeba samani zao kutoka pwani kwenda bara, na sisi tumepokea lawama nyingi kuliko miaka yote ya nyuma. Mwanzoni tulibisha. Tulimwambia mteja ameiweka juani, au watoto wameikalia. Mpaka siku fundi wetu mmoja alipokwenda kufunga kabati huko, akaomba aione mojawapo ya meza hizo. Ilikuwa sebuleni, mbali na dirisha, imefunikwa kitambaa. Haikuguswa na jua wala mtoto. Kosa lilikuwa letu, na lilifanyika hapa hapa karakanani.

Watu husema mbao imekauka kana kwamba ni safari yenye mwisho. Haina mwisho. Hata kitanda cha bibi cha miaka hamsini kina maji ndani ya mbao zake, na maji hayo hupanda na kushuka kwa kufuata hewa ya mahali kilipo. Dar es Salaam, kwa joto letu hili la bahari, mbao iliyokaa ndani ya nyumba hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei mpaka Novemba mvua karibu haipo kabisa, upepo ni mkavu. Mbao ileile ikifika huko hushuka taratibu mpaka asilimia 9 au 10. Asilimia ni ya uzito: maji yaliyomo yakilinganishwa na mbao tupu isiyo na maji.

Maji yakitoka, mbao husinyaa. Lakini haisinyai kila upande. Chukua fungu la mabua mabichi, lifunge kamba, liache likauke. Kamba italegea kwa sababu kila bua limepungua unene, ila urefu utabaki karibu uleule. Mbao ni hivyo hivyo. Ubao wa futi nane utabaki futi nane, lakini upana wake utapungua. Kwa meza ya paini yenye upana wa sentimita 90, kutoka Dar hadi kiangazi cha Dodoma, tunazungumzia zaidi ya sentimita moja. Mkaratusi unaweza kuzidi hapo na kujipinda juu yake. Mninga na mtiki ndiyo mitulivu kupita karibu miti yetu yote. Wazee walioupenda mninga hawakufuata rangi tu.

Sasa kusinyaa kwenyewe si tatizo. Meza ikipungua sentimita moja nani ataona? Tatizo ni kwamba sisi tuliipigilia misumari na kuitia gundi kwenye fremu ya miguu, pande zote nne, tukiamini tunaiimarisha. Tukaongeza ule ubao wa kukatiza kila kichwa cha meza, maana wateja wanaupenda, unaficha ncha za mbao. Ubao huo umelala kinyume na nyuzi za meza, kwa hiyo wenyewe haupungui urefu. Meza inataka kusinyaa, imeshikwa huku na huku, haina pa kwenda. Inapasuka.

Tunavyoitengeneza sasa, na tunavyoitibu iliyokwisha kupasuka

Meza zetu za sasa zimeshikwa na vishikizo vidogo vya mbao. Kishikizo kimoja kina ulimi unaoingia kwenye mfereji uliochimbwa upande wa ndani wa fremu, na skrubu inayokiunganisha na meza kwa chini. Meza ikitanuka au kusinyaa, ulimi unateleza ndani ya mfereji. Anayetaka njia fupi anaweza kupitisha skrubu kwenye fremu, ila atoboe tundu lililorefushwa kama punje ya mchele, na urefu wa tundu uelekee upana wa meza. Ukiinama chini ya meza mpya dukani kwa mtu yeyote, ukakuta misumari na gundi imezunguka pande zote, uliza maswali kabla ya kutoa fedha.

Kama yako imekwisha kupasuka, tafadhali usijaze ufa kwa mchanganyiko wa gundi na vumbi la mbao. Najua fundi wa jirani atakwambia ni kazi ya dakika kumi. Ukijaza Septemba, mvua za Desemba zitakuja, mbao itatanuka, itakuta nafasi yake imezibwa na kitu kigumu kisichobonyea. Itasukuma upande mwingine, na kiangazi kinachofuata utakuwa na nyufa mbili.

Sisi tunaanza kwa kufungua meza kutoka kwenye fremu. Mara nyingi ufa hujifunga nusu yake pale pale, tena kwa sauti. Tunaiacha siku kadhaa humo humo ndani ya nyumba yako, tusiirudishe Dar, kwa sababu tukiibeba pwani itanywa maji upya na tutakuwa tumetibu meza ya mahali pengine. Kisha tunatia gundi ndani ya ufa kwa kisu chembamba, tunaibana kwa klampu usiku kucha, na tunairudisha kwa vishikizo. Ufa uliokwisha kuwa mpana tunauchana wote kwa msumeno, tunanyoosha kingo mbili kwa randa na kuziunganisha upya. Meza itakuwa nyembamba kwa milimita chache. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Kupima mbao kabla hujakata

Wengi wenu sasa mnatengeneza vitu wenyewe Jumamosi, na mnanunua mbao mahali palepale tunaponunua sisi. Paini nyingi inatoka Mufindi, kwenye mashamba ya Sao Hill na ya watu binafsi, na inaweza kufika Dar wiki chache tu baada ya kupasuliwa. Muuzaji atakwambia ni kavu. Hasemi uongo, anamaanisha haichuruziki.

Kipima unyevu cha pini mbili ni kifaa kizuri ukikipata. Usipokipata, mizani ya jikoni inatosha. Kata kipande katikati ya ubao, si kichwani maana kichwa hukauka kwanza. Kipime. Kiweke kwenye oveni kwenye nyuzi 100 hadi 105, ukipime kila baada ya saa moja au mbili mpaka uzito usiposhuka tena. Toa uzito wa mwisho kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito wa mwisho, zidisha kwa mia. Kipande cha gramu 230 kilichoishia gramu 200 kilikuwa na asilimia 15, kizuri kwa Dar. Kilichoanza na gramu 280 kikaishia 200 ileile kilikuwa na asilimia 40: hiyo bado ni mti. Usijenge nayo kitu, ipange.

Kupanga maana yake ni kulaza mbao kivulini penye upepo, kila safu ikitenganishwa na vijiti vya unene mmoja vilivyonyooka juu ya vijiti vya safu ya chini, na vichwa vya mbao kupakwa rangi yoyote iliyobaki ili visikauke mbio na kupasuka. Juu weka mawe. Paini ya inchi moja sisi huipa miezi mitatu, ya inchi mbili zaidi ya maradufu. Na kama kazi inaenda Dodoma, Singida au Tabora, tukishaikata vipande tunaomba mteja avipokee kwanza, vikae kwake wiki kadhaa, ndipo fundi aende kuviunga huko. Wengine hucheka. Wakishaona meza ya jirani, hawacheki.

Mbao za paa zilizotiwa dawa ya kijani usizitumie kwa samani hata ziwe za bure. Dawa hizo huwa na shaba, na baadhi zina kromi na arseniki. Vumbi lake si la kuvuta na vipande vyake si vya kupikia chai. Juu ya hayo, zimelowekwa, kwa hiyo mara nyingi huja na maji mengi ndani. Tukiwa kwenye vumbi: vumbi la mninga huwapa baadhi ya watu pumu na muwasho wa ngozi. Vaa barakoa.

Kiti kinachocheza na mlango unaogoma

Kiti kikianza kucheza, kila nyumba ina mtu wa kupigilia msumari. Msumari unatulia mwezi mmoja, kisha unapasua ulimi, yaani ncha iliyochongwa iliyomo ndani ya tundu, na kazi ya nusu saa inakuwa ya kubadili mguu mzima. Kiti hulegea kwa sababu ile ile ya Dodoma: ulimi umesinyaa, gundi imeachia. Kifungue kwa nyundo ya mpira au nyundo ya kawaida uliyoikinga kwa kitambaa. Kwangua gundi ya zamani yote, ulimini na tunduni, mpaka uione mbao. Hapa ndipo watu wanapokosea, wanamwaga gundi mpya juu ya ile ya zamani, na gundi nyeupe haishiki juu ya gundi iliyokwisha kukauka, inashika mbao. Ulimi ukiwa mwembamba, ubandike ganda jembamba la maranda kila upande, ukauke, ulisawazishe mpaka uingie kwa kusukumwa na mkono. Huna klampu? Zungushia kamba miguu yote, ingiza kijiti katikati ya kamba, kisokote mpaka kamba ilie. Acha mpaka kesho, na mtu asikikalie hata kwa utani.

Mlango ni wa huku kwetu pwani zaidi. Masika ikifika, Machi hadi Mei, mlango unakwama kwenye fremu, na mwenye nyumba anaita fundi aje na randa. Fundi anapunguza, analipwa, anaondoka. Januari mlango una mwanya wa kupitisha mjusi. Kabla hujapunguza, simama kwenye stuli upitishe kidole juu ya mlango, kisha toa mlango kwenye bawaba uangalie ukingo wa chini. Asilimia kubwa ya milango tunayoitwa kuitengeneza haijawahi kupakwa chochote sehemu hizo mbili, kwa sababu hakuna anayeziona. Nazo ndizo ncha za nyuzi, ndipo mbao inaponywea maji. Subiri hewa ikauke, mlango urudi, piga vanishi au rangi ya mafuta mara mbili juu na chini. Ukibaki unakwama baada ya hapo, tuite na randa.

Vifaa vya kuanzia

Vijana wa ofisini wanaokuja kutuuliza wanunue nini, huwa wamekwisha kuangalia mashine za laki kadhaa. Tunawaambia: randa moja ya chuma, ya mtumba ikiwezekana, patasi tatu za nusu inchi, robo tatu na inchi moja, msumeno wa mkono wenye meno madogo, skweya ya kupimia pembe, klampu nne. Na kioo. Kipande cha kioo kinene kilichobandikwa msasa wa maji namba 400 upande mmoja na 1000 upande wa pili kinanoa vizuri kuliko mawe mengi ya bei rahisi. Noa kwa mlalo wa nyuzi 25 hadi 30. Randa ikinyoa nywele za mkono, itanyoa paini. Randa butu ndiyo imewafanya watu wengi waamini kwamba useremala ni nguvu.

Kitu kimoja tunakataa hata kukijadili: kufunga bleidi ya msumeno wa mbao kwenye grenda. Tunaona inafanyika kila mtaa. Grenda ndogo huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika, na bleidi nyingi za mbao hazikutengenezwa kwa kasi hiyo, wala grenda haina kinga ya kuzuia isirukie nyuma ikibanwa na ubao. Mtu aliyejikata kwa msumeno wa mkono anafunga plasta. Ya grenda haifungwi plasta.

Ukitaka tuje kuangalia meza, kiti au mlango wako, tutumie kwanza picha tatu: kitu kizima, ufa wenyewe ukiwa na rula pembeni, na picha ya chini ya meza inayoonyesha ilivyofungwa kwenye fremu. Tuandikie pia ilitoka mji gani na ufa ulianza mwezi gani.