Barua kwa Mwanangu: Chiriku Hajakuchukia, Ananyonyoka

Mwanangu,

Nimeiona picha ya kidole chako alichokiuma Chiriku, kasuku wetu, na ile ya pili ya manyoya yaliyotapakaa chini ya tundu kama pamechinjwa kuku. Ningekupigia, lakini nakujua: simu ukiipokea utaniambia "sawa Mama, sawa Mama" na macho yako yako kwenye mpira. Huku Maskati saa hizi dada yako amelala, mtoto amelala, na arubaini bado siku kumi na tisa. Nimeona bora nikae niandike, usome taratibu, na ukisahau urudi usome tena.

Kwanza hicho kidole. Umekiosha kwa sabuni? Mdomo wa kasuku wa kijivu unapasua kokwa za chikichi, ngozi yako ni kitu gani? Kikivimba au kikipwita usiku, nenda zahanati, usiningoje mimi.

Sasa yeye. Chiriku haumwi na wala hajakuchukia. Ananyonyoka. Unyoya ukishakua ni kitu kikavu, kama ukucha; ukichakaa hauna dawa, sharti utoke uote mwingine. Kila mwaka hupitia haya, kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, na mwaka huu yamemkuta mimi sipo. Wewe miaka yote ulikuwa shule ya bweni, ukija likizo unamkuta ameshavaa mapya, kwa hiyo hukuwahi kumwona katika hali hii. Nami nilipoondoka nilikuachia maelezo ya gesi, ya tokeni za stima na ya mwenye duka, nikasahau hili. Kosa langu.

Fanya hivi kesho asubuhi: okota manyoya marefu uyapange mezani, ya bawa la kulia huku na la kushoto kule. Utaona yanakwenda kwa jozi. Likidondoka moja upande huu, siku chache baadaye mwenzake wa upande ule naye atatoka, ndivyo ndege anavyobaki na uwezo wa kuruka bila kupinda. Ya mkia, yale mekundu, ni kumi na mawili kwa jumla, na hayatoki yote kwa mpigo. Kisha mwangalie mwilini. Ataonekana amechakaa, kama mtu aliyeamka akasahau kuchana nywele, lakini usimwone kipara. Ukiona ngozi tupu mahali popote, hilo si kunyonyoka tena.

Nakwambia hivi kwa sababu jirani wa dada yako hapa ana kasuku kama wetu, na nilipokwenda kumsalimu nilishtuka. Kifua cheupe kitupu, mapaja matupu, ila kichwa kizima kimejaa manyoya mazuri. Hapo hapo nikajua. Kichwani mdomo wake haufiki! Ndege huyo anajinyofoa mwenyewe. Anashinda peke yake toka asubuhi mpaka Magharibi, hana hata kipande cha kuni cha kuguguna. Nikamwambia mwenye nyumba ampeleke kwanza kwa daktari wa ndege, maana upweke si sababu pekee, yako maradhi nayo huondoa manyoya, ukiwamo ugonjwa wa virusi unaoharibu manyoya na mdomo wa jamii hii yote. Sijui kama aliridhika na udaku wangu.

Turudi kwenye kidole. Uliniambia uliona "miiba" shingoni mwa Chiriku, ukataka kumsaidia kuitoa, ndipo akakutia jino. (Najua hana meno.) Mwanangu, ile miiba ndiyo manyoya mapya. Kila mmoja umevikwa ala nyembamba, ngumu, na ndani yake mna damu inayoulisha unyoya unaokua. Ukiugusa ungali mbichi, ni kama mtu akubonyeze jipu. Angalia shina lake: likiwa jeusi jeusi au la rangi ya zambarau, damu bado imo, weka mikono yako mfukoni. Likishakuwa jeupe na kavu, ala inapukutika kama ganda la kitunguu, na hapo yeye mwenyewe atakuletea kichwa.

Porini wenzake wangemchambua. Ya kifuani na mabawani anayamudu kwa mdomo wake, ila ya kichwani na nyuma ya shingo hana wa kumfanyia isipokuwa mimi na wewe. Atainamisha kichwa, atafumba jicho nusu, manyoya ya shingo atayalegeza. Hapo sugua ala moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada, kuelekea ncha, usivute. Ni bora zaidi akiwa ametoka kuoga. Akishtuka tu, acha, umegusa mbichi. Na uishie kichwani na shingoni. Mgongo na chini ya mabawa si mahali pa kumpapasa. Humpandisha ashiki, na kasuku mwenye ashiki anauma kuliko anayenyonyoka.

Mwiba ukivunjika, kwa mfano akianguka usiku, damu inaweza kutoka nyingi ukadhani amechinjwa. Usikimbie kuuvuta. Mfunike kwa taulo ndogo bila kumbana kifua, kwa sababu ndege huvuta pumzi kwa kutanua kifua na ukikibana anakosa hewa. Weka unga wa konafulawa pale panapotoka damu, bonyeza kwa pamba dakika kadhaa. Isipokatika, mpigie daktari wake, namba nimeibandika kwenye friji. Na hicho kijiti cha juu kabisa kishushe tangu leo, maana bawa lina mapengo na hatui vizuri.

Unasema "ameuma bila sababu." Hapo nakukatalia. Chiriku alikwambia, tena zaidi ya mara moja, wewe hukumwelewa. Anapokukazia jicho na mboni inapanuka na kunywea, inapanuka na kunywea, huyo damu imemchemka. Anapojikaza mwili mzima, au kuegemea nyuma, au kuinua manyoya ya kisogo huku ameinamisha kichwa lakini macho hayajalegea, huyo anasema ondoka. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wageni: wanadhani anaomba kukunwa. Tofauti iko machoni.

Halafu usichanganye kuuma na kupima. Kasuku hutumia mdomo kama mkono wa tatu. Kabla ya kukanyaga kidole chako atakigusa kwa mdomo kuona kama ni imara. Ukikivuta kwa woga ameshajua kwamba kidole chako si mahali pa kukanyaga, na siku nyingine atakishika kwa nguvu kisimponyoke.

Ulivyompiga mdomo kwa kandambili, sikugombezi. Mimi nilifanya mabaya zaidi. Tulipomchukua kutoka kwa babu yako, wewe ukiwa na miaka mitatu, alikuwa akiniuma kila nikibadilisha maji. Kila akiniuma nilipiga ukelele: "Weee!" Nikitikisa mkono, nikiruka, baba yako akija mbio kutoka chumbani. Nikaona namtia adabu. Kumbe namtilia taarabu! Baada ya mwezi akawa anapiga kelele yeye kwanza, "Weee!" kwa sauti yangu, kisha ndiyo anauma, kisha ananitazama nianze kuruka. Mpaka leo neno hilo hajaliacha. Nikajaribu kumfunika kwa leso mchana kutwa kama ulivyofanya wewe juzi. Alichojifunza ni kuiogopa leso, na kwa kuwa mimi ndiye nashika leso, akaniogopa na mimi. Ilinichukua miezi kumrudisha.

Kilichomrudisha ni uvivu, ukipenda uite hivyo. Akiniuma, sisemi neno, uso sibadilishi. Namshusha kwenye kijiti, nampa mgongo dakika moja au mbili, basi. Dakika moja kwake inatosha. Ukimwacha saa nzima ameshasahau ni kwa ajili ya nini. Akiwa amenikamata kabisa, sivuti mkono, maana kuvuta kunachana. Nausogeza kidogo kuelekea kwake, na yeye huachia. Asipouma nampa kipande cha korosho, kidogo kama punje ya mchele, papo hapo.

Kwa wiki hizi usitumie mkono kabisa. Kuna kijiti cha mpera nyuma ya mlango wa jikoni. Mwekee chini kidogo ya kifua, juu ya miguu, umwambie "panda," ungoje. Akipanda, korosho. Akigeuza uso, ndiyo jibu lake, ondoka urudi baada ya saa moja. Bega lako asahau. Begani humwoni macho, na sikio lako liko karibu mno.

Chakula. Sitaki kurudi nikute bakuli la alizeti tupu, najua ndizo anazozidai. Zina mafuta mengi, na madini ya chokaa (kalsiamu) na vitamini A ni haba. Unyoya karibu wote ni protini, kwa hiyo sasa hivi anajenga nguo nzima kutoka tumboni. Mpe yai la kuchemsha, robo, mara mbili tatu kwa wiki. Choroko ziloweke mpaka ziote, zisuuze vizuri, mpe siku hiyo hiyo, hili joto la Mombasa haliwekeki kitu. Kunde na maharage zipikwe ziive, mbichi ni sumu. Karoti, boga, viazi vitamu, mchicha, na pilipili usimhurumie, ndege ukali wake hawausikii. Parachichi marufuku hata tone, chokoleti na kahawa vilevile.

Na nenda ufukweni unitafutie mfupa wa dome, yule jamaa yake ngisi. Si lazima ununue dukani vile vya kufungwa kwenye nailoni wakati bahari inavitupa bure. Uloweke kwenye maji baridi siku tatu nne, ukibadilisha maji mpaka chumvi iishe, uanike juani ukauke kabisa, kisha uutundike ndani ya tundu. Kasuku wa kijivu kupungukiwa chokaa ni jambo lao kuliko ndege wengi. Upungufu huo ukizidi huanguka kifafa. Babu yako alimwona mmoja akianguka hivyo na hakupenda kulisimulia.

Asubuhi, jua likishapata moto, mnyunyizie maji kwa ile chupa mpya ya kupulizia, si iliyowahi kutiwa dawa ya kusafishia vioo. Mnyunyizie juu yake adondokewe kama mvua, si usoni. Vumbi jeupe utakaloliona kwenye kochi ni lake, manyoya yake laini ya ndani hulitoa kama poda, wala usidhani ni mba.

Udi usifukize sebuleni mpaka nirudi, hata shangazi yako akija Ijumaa na chetezo chake. Mwambie nimesema mimi. Mapafu ya ndege hayastahimili moshi, wala ile dawa ya mbu ya kuzunguka. Hiyo kikaango isiyoshika chakula ndiyo mbaya zaidi: ikipata moto kupita kiasi ikiwa tupu, hewa yake yaweza kumuua ndege kabla hujasikia harufu. Mayai yako kaangia kwenye ile ya chuma. Na televisheni: saa mbili usiku mhamishie chumbani kwangu, gizani, alale mpaka alfajiri. Akikosa usingizi ataamka na kisirani, na wewe ndiwe utakayelipa.

Mpime kila Jumamosi kwenye mizani ya jikoni. Nilimwacha na gramu 430. Akishuka chini ya 400, au ukimwona amejikunyata chini ya tundu mchana, au mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi, usiniandikie, mpigie daktari kwanza.

La yule rafiki yako anayesema ana mtu wa kukuuzia jike wa kumliwaza Chiriku, jibu ni hapana, na nakuomba usimwulize hata bei. Babu yako alimnunua huyu kwa dereva wa lori aliyetoka upande wa Kongo, enzi ambazo watu hawakuuliza. Hawa hutegwa msituni kwa gundi na nyavu, wengi wakifa njiani kabla ya kufika sokoni. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg yakawaingiza kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kuanzia Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliotolewa porini imepigwa marufuku. Chiriku ana kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kimo kwenye faili la kijani, kabati la juu. Huyo jike hatakuwa nacho, na anaweza kuja na maradhi. Chiriku anakutaka wewe ukae naye sebuleni, ule mpira wako uutazamie pale alipo, umpe boksi la katoni alipasue. Sauti ya kelele za goli anaipenda.

Jambo la mwisho, dada yako ameniambia niandike. Uliuliza kwa nini kila siku saa kumi na moja alfajiri unasikia sauti yangu ikikuita "Amka, baba, wasali!" ukatoka hadi mlangoni ukidhani nimerudi. Ni yeye huyo. Miaka yote ya likizo zako aliisikia. Ukishaamka, mjibu "labeka," la sivyo ataita mpaka jirani agonge ukuta.

Yale manyoya mekundu usiyatupe. Yaoshe, uyaanike kivulini, uyatie kwenye kopo la maziwa. Mpwa wako anayakodolea macho kwenye picha, labda ni rangi tu, lakini nimeshamwahidi.

Mama yako