Tumba si bongo, na Santana hakuanza 1999

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma miaka mingi bila kuwasumbua. Fumbo la maneno lilipotoka wiki tatu mfululizo bila majibu, nilinyamaza. Ila ile habari yenu kuhusu ziara za bendi za roki ya Kilatini imenishinda.

Mwandishi wako anamwita mpiga gitaa Carlos Santana "Mhispania aliyeibuka 1999". Huyo ni Mmeksiko, mzaliwa wa Autlán, jimbo la Jalisco. Mwaka 1999 ndipo ilipotoka Supernatural, albamu iliyompa tuzo 8 za Grammy, humo akiwashirikisha bendi ya Maná wa Guadalajara. Lakini jukwaa la Woodstock, lile tamasha kubwa la Marekani, alilipanda Agosti 1969, pengine wazazi wa mwandishi wako hawajafahamiana. Halafu chini ya picha mmeandika "mpiga bongo". Bongo ni hapa tunapoishi, Mhariri! Ngoma ziitwazo bongo ni zile mbili ndogo za kubana magotini. Jamaa wa pichani anapiga tumba, zile ngoma ndefu za kusimamishwa. Nimezipiga miaka kumi na tisa kwenye bendi za dansi hapa Morogoro, mji wa Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, na sugu za viganjani ninazo.

Eti tena bendi hizo "hazina uhusiano na Afrika". Jingo, ule wimbo ulio kwenye albamu ya kwanza ya Santana na bendi yake, ni wa Babatunde Olatunji, Mnigeria. Na tarehe 6 Machi 1971, sikukuu ya uhuru wa Ghana, Santana walipiga Accra kwenye onyesho la Soul to Soul, pamoja na waimbaji wa Marekani Wilson Pickett na Ike na Tina Turner. Filamu yake ipo. Kuuliza tu kungewagharimu nini?

Mwandishi anasifu pia "urahisi wa tiketi za kisasa". Hapo ndipo nilipoliweka gazeti chini nikatafuta kalamu. Mwaka juzi nilikuwa Texas kwa binti yangu, akanikatia tiketi ya Santana. Bei ilikuwa dola 60. Alipofika kwenye kulipa ikaongezwa ada ya huduma, ada ya uwanja, na ada nyingine ya kushughulikia hizo ada, sijui, ikawa dola 97. Karatasi hakuna, tiketi imo kwenye simu. Binti akanishusha getini akawahi zamu yake ya usiku. Nikapanga foleni dakika arobaini juani, na nilipofika mbele simu ikazima. Kijana wa getini akaniambia bila simu hakuna tiketi, nikaichaji. Wapi? Akanionyesha maegesho ya magari. Mama mmoja wa Kimeksiko, muuza "taco", zile chapati za kwao za kukunja, akanihurumia akaichomeka kwenye jenereta lake. Uwanja wenyewe ni wa wazi, kwa hiyo Jingo niliisikia yote, nikiwa nimesimama baina ya takataka na magari, napiga tumba juu ya pipa la mtu. Simu ilipowaka, watu walikuwa wanatoka. Pesa hazikurudi. Binti ameandika barua pepe tatu na mara zote amejibiwa na mashine.

Na wa hapa nyumbani msicheke. Tiketi ya karatasi utapewa, bendi ndiyo haipo. Bango linasema saa mbili kamili, msanii anapanda saa sita na flashi mkononi, anaufungulia mdomo wimbo unaojiimba wenyewe. Wapiga tumba tumebaki kuitwa misibani na kwenye kampeni.

Basi mleteni mwandishi huyo Morogoro Jumamosi yoyote, nauli juu ya gazeti. Simu aiache kwa bodaboda. Nitamkalisha mbele ya tumba apige Jingo tangu alasiri hadi magharibi, maji ya chumvi ya kulowekea viganja nitayachemsha mwenyewe. Na masahihisho yatoke ukurasa uleule wa burudani, si kule chini ya matangazo ya viwanja.

Mpiga tumba mstaafu,
Morogoro