Masanja mwanangu, andika "Ndiyo"

Mwanangu Masanja,

Pokea salamu kutoka Igombe. Sisi hatujambo, Kulwa na Doto wanakusalimia, na baba yako mdogo mguu umepona, ameanza tena kwenda ziwani.

Kwenye simu umeniambia mwenzako anakushauri kwamba, kwa kuwa hukulala gereza la Butimba hata usiku mmoja, fomu ya leseni ya uuguzi ikiuliza kama umewahi kutiwa hatiani ujibu "Hapana". Usimsikilize. Hakimu alikutia hatiani kwanza, ndipo akakupa adhabu. Kupewa huduma kwa jamii badala ya kifungo hakufuti hukumu. Ulichukuliwa alama za vidole, na siku utakapoomba cheti cha tabia njema polisi watazichukua tena walinganishe. Ila hata zisingekuwepo ningekwambia hivihivi. Kujipatia leseni kwa maelezo ya uongo ni kosa la jinai lenyewe, na hilo utakuwa umelitenda ukiwa mtu mwenye taaluma, si kijana wa miaka 19 aliyekwenda kuvuta kokoro, ule wavu haramu, ili apate ujira wa siku.

Baraza la Uuguzi na Ukunga lina haki ya kuuliza, na mimi ningeuliza. Nesi anabaki na mgonjwa asiyejitambua usiku kucha, anashika ufunguo wa kabati la dawa kali, anaandika kwenye faili kipimo ambacho daktari ataamini bila kukirudia. Mtu wa namna hiyo lazima ajulikane ni nani.

Basi wajue. Kosa lako silipunguzi: kokoro linakwangua hadi chini, linazoa mazalia na sangara ambao hawajafika hata hizo sentimita 50 zinazoruhusiwa, na sisi wa mwaloni ndio tunaolala njaa baadaye. Lakini hukuiba, hukumjeruhi mtu, hukughushi karatasi. Eleza kwa sentensi chache: ilikuwa nini, mwaka gani, mahakama ipi, adhabu gani, na kwamba uliimaliza. Usilie kwenye barua wala usimtupie lawama mwenye mtumbwi.

Kisha waeleze habari ya zahanati ulikotumikia adhabu yako, kwa sababu hiyo ndiyo historia yako ya kweli. Walikupeleka kufagia na kukata majani. Nakumbuka ulivyokuwa unarudi jioni ukinisimulia mama aliyejifungua kabla hajafika kitandani, ukinionyesha kwa vidole jinsi muuguzi mfawidhi alivyofunga kitovu. Saa za mahakama zilikwisha, wewe ukaendelea kwenda. Ukachota maji, ukapanga kadi za kliniki, ukajifunza kuongea taratibu na wazee wa Kisukuma wanaoogopa sindano. Hakuna aliyekulazimisha. Uuguzi ulikukuta hapo, na nilikuona unabadilika mbele ya macho yangu. Nasema hivi nikiwa mama yako, ndiyo, lakini hata yule muuguzi anasema hivyo na yuko tayari kuandika.

Kwa hiyo kusanya karatasi sasa, kabla ya mtihani wa Baraza, si baada yake. Nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama. Barua ya ofisa aliyekusimamia, inayosema adhabu imekamilika. Barua ya muuguzi mfawidhi, ya mtendaji wa kata, na ya mkufunzi wako anayekujua wodini. Zote ziambatane na maelezo yako, ili anayesoma asilazimike kukutafuta.

Na usichanganye leseni na ajira. Baraza likikusajili, bado mwajiri atauliza yake, awe serikali, hospitali ya kanisa au zahanati ya mtu binafsi. Wengine watakukataa. Itauma, nami sitakudanganya. Hapo utajibu vilevile na kutoa karatasi zilezile. Katiba yetu ibara ya 22 inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi; usiingie ofisi yoyote umeinama kama mwizi.

Kuacha chuo mwaka wa tatu kwa hofu ya jibu ambalo hujapewa, hilo sikubali. Wakikataa, waombe wakupe sababu kwa maandishi, tutatafuta wakili wa msaada wa kisheria.

Nauli ya kwenda mahakamani ninayo, dagaa wa juzi wamekauka vizuri na wamenunuliwa wote. Nitumie namba ya kesi kwa ujumbe kabla ya Jumatatu, nikaombe hiyo nakala.

Mama yako