Kuhusu nusu kaputi ya Idi

Kijitonyama, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi. Nimepata habari kwamba Idi atapasuliwa ngiri. Nakuandikia maana kwa simu tungemaliza vocha bure.

Nusu kaputi yenyewe isikunyime usingizi. Dawa za siku hizi hutoka mwilini upesi. Wewe weka macho kwenye siku zinazofuata. Unamkumbuka Zuhura wangu, mwenye sindromu ya Down kama Idi, alipotolewa mawe ya nyongo? Wauguzi walimsifu: mgonjwa mtulivu, hana usumbufu. Mimi utulivu ule sikuupenda hata kidogo. Zuhura ninayemjua angekuwa ameshawauliza majina yao na ya watoto wao. Nyumbani nikampa ungo wa mchele achambue, kazi anayoipenda kuliko zote. Akaupakata, anautazama tu. Nikamrudisha hospitali, daktari wa zamu ananiambia, "Si ndivyo walivyo hawa?" Ndivyo walivyo akina nani, Mwajuma?

Nilipata nafuu kwa mama mmoja daktari aliyeniuliza: kabla ya upasuaji alikuwa anajifanyia nini mwenyewe? Akanieleza kwamba mgonjwa aliyechanganyikiwa akipiga kelele na kung'oa dripu, wodi nzima itajua. Anayezama kimya ndiye anayepitwa, na mwenye sindromu ya Down hupitwa zaidi kwa sababu watu wanadhani amezaliwa hivyo. Kumpima, ana UTI, na choo hajapata tangu atoke theatre. Alitibiwa, lakini yalipita majuma kadhaa ndipo akanirudishia mchele safi, tena ananilaumu kwamba nimeuziwa chenga.

Sasa Idi kashavuka arobaini, na hapo ndipo pa kuangalia. Wenye sindromu ya Down wana kromosomu (vibeba vinasaba) ya 21 tatu badala ya mbili, na humo ndimo ilimo jeni ya ile protini inayoganda kwenye ubongo wa wenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau. Wakifika miaka 40, karibu wote ubongo unakuwa na alama hizo, hata kama mwenyewe bado anacheza singeli. Ubongo wa namna hiyo huyumba kirahisi baada ya upasuaji. Kwa hiyo kama ameanza kusahausahau, daktari aambiwe mapema. Aombewe na kipimo cha damu cha tezi ya thairoidi. Ikilegea, nayo humfanya mtu mzito wa akili, na kwao ni jambo la kawaida.

Mtaalamu wa nusu kaputi mwambie kama Idi anakoroma na pumzi hukatika usiku. Mkumbushe na shingo, maana baadhi yao mifupa ya juu ya shingo imelegea, na wakati wa kuingiza mpira wa hewa kichwa hakitakiwi kukunjwa ovyo.

Halafu chukua karatasi uandike Idi wa sasa: anafunga kamba za viatu? Anajua daladala ya Mwenge? Akiumwa anaonyeshaje? (Zuhura hasemi, anatafuna pindo la kanga.) Iingie kwenye faili lake. Omba uwe kitandani anapozinduka, umvalishe miwani papo hapo. Asiyeona vizuri huchanganyikiwa haraka.

Tarehe ikitoka nijulishe. Zamu ya usiku niachie mimi, wewe una watoto wa shule. Na uji nitapika mimi, wako una mabonge.

Wako,
Saida